Paa la Bibi Nakamwela

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Nikikusimulia utacheka, na ruhusa nakupa, ila usikimalize kicheko chote mwanzoni.

Tulikuwa vijana wa kwaya kutoka Mlowo, tumetumwa na kanisa kupeleka injili kule chini, bonde la Momba. Sisi watu wa kwenye kahawa tumezoea baridi. Joto la kule, ukitema mate hayafiki chini. Na kwaya yetu usiulize. Ezekia, kiongozi wa besi, akiimba Mlowo, ng'ombe wa Nanyala, kijiji jirani, wanaacha kula, wanatafuta radi imepiga wapi.

Tukamkuta mjane, Bibi Nakamwela, analala na wajukuu zake jikoni kwa watu. Moto wa kusafishia mashamba ulikuwa umekula paa la nyumba yake, zimebaki kuta za udongo tupu. Na mvua za kwanza ndiyo hizo zinakuja. Udongo usio na paa unajua ukinyeshewa unakuwaje. Mvua moja tu, nyumba imekuwa tope, na bibi wa umri ule hajengi tena. Tukasema, mahubiri yatasubiri, kwanza paa.

Sasa kule, nyumba ya msonge paa lake husukwa chini, fito na nyasi, kama kofia kubwa. Likiisha, watu wanalizunguka, wanalinyanyua zima zima na kulivika ukutani. Tukasuka. Majirani wakija kuuliza tusaidie wapi, tunawaambia, "Kaeni tu wazee wetu, sisi ndio tumekuja kuwahudumia." Wakakaa.

Siku ya kunyanyua, mawingu yamejaa upande wa Zambia, meusi kama sufuria la harusi. Mwalimu wetu wa kwaya akatupanga kuzunguka paa kama tunavyosimama kanisani: soprano huku, alto pale, sisi wa teno upande wetu, besi kule. "Tutanyanyua kwa wimbo," akasema. Tukafurahi wote. Hakuna aliyefikiri.

Mwanangu, wimbo wenyewe soprano ndio wanaanza, besi wanaitikia baadaye! Wadada wakapaza sauti, wakanyanyua. Besi wametulia, mikono kwenye fito, wanasubiri zamu yao. Paa likainuka upande mmoja kama kuku aliyeinua mkia. Sisi wa teno tukaingia katikati, ndipo Ezekia na wenzake wakaitikia kwa nguvu zote walizopewa na Mungu. Paa likayumba, fito zikalia ka! ka! likaanguka kwa ubavu.

"Soprano mmewahi!" Ezekia akafoka.

"Nyie ndio mmechelewa!" Dada Tabitha wa soprano akamjibu. "Hata kubeba mnasubiri kuitikia?"

"Si ndivyo wimbo ulivyo!"

Bibi alikuwa amesimama kando, mjukuu mgongoni. Akaziangalia fito zilizovunjika, akayaangalia mawingu. Hakulia. Kule mbali kukanguruma.

"Nyamazeni, wajukuu zangu," akasema, sauti ya chini kabisa. "Kuimba mnajua. Lakini paa halijui kama wewe ni besi. Na hawa majirani zangu mmewakalisha pale, wananitazama kama vile shida yangu ni ya wageni. Mkishaondoka, nani atanizibia likivuja? Waiteni."

Mwalimu wa kwaya akavua kofia, akawaendea wale wazee mwenyewe. "Baba zetu, tumekosea. Tusaidieni."

Mzee Sichone, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasimama anajikung'uta. "Tulikuwa tunawangoja, mwalimu. Tumekaa mpaka makalio yameota mizizi."

Wakafunga fito mpya kwa kamba za magome, mikono inakwenda kama cherehani. Wakatuchanganya: besi katikati ya wadada, mwenyeji kando ya mgeni, mrefu anatazamana na mrefu ili paa lisilalie upande. Mzee Sichone akapiga kelele moja tu, "Haya!" Tukanyanyua wote kwa pamoja. Nilisikia uzito ukipita begani kwangu kwenda begani kwa mwenzangu, na kwake ukirudi kwangu. Likapanda. Likakaa.

Bado tumeshika fito, matone yakaanza. Bibi akaingia ndani na wajukuu zake. Sisi tukabaki nje tunaloa, hakuna aliyekimbia. Ezekia, jitu lile, alikuwa analia, mvua ikamsitiri.

Bibi aliishi chini ya paa lile mpaka Mungu alipomwita. Nyasi zilipochakaa, majirani walizibadilisha wenyewe. Hawakuhitaji kutuita.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitumwa na wenzako kwenye kazi ya Mungu, usingoje sauti yako iitwe. Mzigo ukinyanyuliwa, nyanyua. Usimkalishe mwenyeji ukadhani umemheshimu. Hapo umemnyang'anya sehemu yake ya kumpenda jirani yake. Na mkikosea, maana mtakosea, msianze kutafutana nani kawahi na nani kachelewa wakati mwenye shida amesimama anawatazama. Mwangalieni yeye kwanza. Kwaya yenu itagombana njiani wakati wa kurudi, njia ni ndefu, inatosha.

Mungu akupe bega lenye nguvu, na wa kubeba nao kulia na kushoto. Ukienda vibaya akupe mtu wa kukwambia kwa sauti ya chini, na wewe akupe masikio. Amina, mwanangu.