Mkono wa Kushoto wa Padri

Leo, kwenye mitumba ya Kibaigwa, nimenusa glavu nene ya ngozi, ya kudakia mpira wa besiboli, nikajikuta kimawazo mtoto tena, shambani kwa bibi, kwenye mtama.

Padri mgeni kutoka Amerika ya Kusini, aliyetutembelea pale shambani, alikuwa ametuambia kwamba kwao alikuwa mrushaji mashuhuri wa besiboli, mchezo ambao mmoja hurusha mpira mdogo na mwingine huupiga kwa gongo. Viwanja vilijaa watu waliokuja kumtazama, mpaka bega likamchoka, ndipo akaingia upadri.

“Mtu mzima alipwe kwa kurusha mpira?” bibi alininong'oneza. “Huyu ana jambo anaficha.”

Kilichomtia shaka zaidi ni kwamba padri alitumia mkono wa kushoto. Wangu wa kushoto bibi alikuwa ameufunga kitambaa, nijifunze kula kwa kulia.

Kwelea kwelea wakashuka kwenye mtama. Madongo yetu watoto yaliishia katikati ya shamba. Padri akaokota lake, akainua goti, akarusha. Debe la kutishia ndege, kule mwisho kabisa wa shamba, likalia mpaka tukashtuka. Ndege wote wakaruka.

Bibi aliukagua mkono ule kama ng'ombe wa mnadani. Kisha, bila kunitazama, akanifungua kitambaa.

“Wa kurushia tu,” akasema. “Kwenye ugali nisiuone.”