Pole ya Kutisha

Kosa langu la mwanzo katika Kiingereza, nilichojifunza bila mwalimu, lilikuwa kuamini kwamba ukiongeza neno, unaongeza na moyo. Leo nimenusa godoro lililonyeshewa, nikamkumbuka rafiki yangu wa utotoni. Enzi zile, kila jioni, tulishindana kurefusha "I am sorry": very sorry, terribly sorry. Aliyeishiwa maneno alipigwa kofi.

Kisha watu wenye asili ya mkoa wa kwao wakafukuzwa mjini kwetu Likasi. Nilimkuta stesheni na mama yake, chini ya turubai, juu ya godoro lililolowa mvua, wakingoja treni. Njia nzima kutoka mtaa wa Shituru nilifanya mazoezi, nikiogopa kukosea.

"I am terribly sorry," nikasema.

"Ule mutoto anasema nini?" mama yake akauliza.

"Anasema pole, mama. Pole ya kutisha."

"Ah bon! Na mu nyumba yetu analala nani?"

Rafiki yangu alinitazama, akingoja.

"Ni shiye, mama," nikajibu. "Baba alituingiza jana."

Mama yule akacheka hadi akakohoa.

"Mulango ya jikoni inakwamaka. Ambia mama yako asukume na goti."

Siku hizi nyumba ni yangu, na mlango nimeubadilisha.