Msimu Niliofungwa Kinywa

Juzi nimekwenda kwa mjukuu wangu kumpelekea mawese, nikakuta mlango wa chumba umefungwa, mwanawe mdogo yuko ndani anakariri namba kwa Kifaransa. Wenzake wako ziwani, unawasikia wakirukaruka majini, yeye kafungiwa. Nikauliza mtoto amekosa nini.

"Hajakosa, Babu. Iko konkuru, mutihani wa kuingia shule ya masista. Watoto ni wengi, nafasi ni kidogo. Usimuvuruge."

Nikaketi barazani. Mimi sikusoma, ndugu yangu, sikufichi. Haya ninayoandika nimejifunza ukubwani, juu ya magunia ya chumvi. Mitumbwi yangu na hii nyumba ya bati nimezipata kwa mikono yangu, na hakuna mwalimu wa kumshukuru. Lakini kile kisauti nyuma ya mlango kilinirudisha mbali, siku za Wadachi, kabla Wabelgiji hawajaja, nilipofungiwa vile vile.

Nililelewa na bibi. Alikuwa mtu wa ng'ambo, upande wa Manyema, alivuka ziwa na wafanyabiashara akabaki hapa Rumonge akipika mawese. Ua wetu ulikuwa wa matete. Harufu ya pale sijaisahau: mawese yakichemka katika chungu kikubwa, moshi wa kokwa, ndagala, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani mpaka wakakauka kama vijiti. Baba yangu alikuwa mpagazi. Alifia njiani, mzigo wa watu kichwani, na bibi hakupata hata kaburi la kufagia.

Ikaja habari kwamba mashua ya serikali itapita na mwalimu, naye atachagua mtoto mmoja wa Rumonge, ampeleke shule ya Wadachi kule mjini Usumbura. Mmoja tu. Bibi akanishika kidevu.

"Baba yako alikufa na muzigo. Weye utashika kalamu, ao mimi sikumuzaa baba yako!"

Akamtafuta jirani yetu aliyewahi kumpikia Mdachi. Kwa vile alijua kukaanga mayai ya mzungu, mtaa mzima ulimhesabu msomi. Huyo ndiye aliyeninoa. Alinifundisha kusimama kama nguzo, visigino pamoja, kofia mkononi, "ndiyo, bwana" na "sijui, bwana". Tulihesabu kokwa za mawese, tuliandika kwa makaa juu ya kigae zile herufi chache alizozijua, na asizozijua alizibuni. Malipo yake yalikuwa chakula, na alikula kweli, ugali wa muhogo na sombe ya majani yake, huku akitoa sheria.

"Mudachi hapendi kinywa cha kilimani," alisema. "Neno moja la Kirundi, umekwisha. Tena watakutega. Usikubali."

Bibi alilishika neno hilo kuliko sala. Nikitokwa na Kirundi, alichovya kidole kwenye majivu akanipangusa ulimi. Na kwa kuwa Kirundi changu chote nilikipata kwa rafiki yangu, rafiki naye akapigwa marufuku.

Alikuwa mtoto wa mama mmoja aliyeteremka kutoka kilimani, akianika ndagala karibu na kwetu. Kiswahili alikipata kwangu, mimi Kirundi kwake, tukibadilishana kama watu wa sokoni. Tulipenda vitendawili. Warundi wanaanza kwa kusema "Sokwe!", na mwenzako anajibu "Niruze!", ndipo kinategwa. Asipoitikia, hakitegwi. Kimoja alikibuni mwenyewe: watoto wangu wamelala mchangani mchana kutwa, macho wazi. Jibu lake ni ndagala. Tulikicheka kila siku kama kipya.

Sasa alikuja alasiri, akasimama nje ya ua.

"Sokwe!"

Mimi nikakazana na kigae changu.

"Sokwe!" Akakwaruza matete kwa kijiti. "Weye, umekuwa Mudachi kabla ya kupanda mashua? Wamekupa na ndevu?"

Nilikuwa nikiuma kanzu nisicheke. Baadaye nikawa naiuma kwa sababu nyingine. Akaja siku nyingi, kisha akaacha kuja. Nilibaki na kokwa zangu. Nilizipa majina, moja nikaipa lake, nikaitegea vitendawili kimoyomoyo. Mtoto anayezungumza na kokwa, bibi yake akapita na kusema, "Ona anavyosoma!"

Mashua ikafika. Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, kanzu nyeupe, koti juu, na mtumishi wa kumshikia mwavuli. Tukapangwa mchangani. Wengine walishindwa hesabu, wengine walilia. Mimi nilisimama, nikahesabu, nikaandika. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na nyuma yangu nikamsikia bibi akimeza kigelegele.

Hapo mzee mmoja wa kilimani akapenya katikati ya watu, analia, "Impene zanje! Impene zanje!" Mwalimu akanigeukia.

"Haya, kijana. Mzee huyu anasema nini?"

Nilimwelewa neno kwa neno. Mbuzi wake walichukuliwa na wapagazi wa serikali, na jike lilikuwa na mimba. Lakini nikamwona jirani yetu kule nyuma, midomo kaibana, anatikisa kichwa. Nikajua ndio mtego wenyewe. Nikabana visigino.

"Sijui, bwana."

Mwalimu akaguna. "Wa kuandika wako wengi. Anatakiwa wa kusikia watu. Hakuna mtoto hapa mwenye lugha mbili?"

"Anasema wamemuchukulia mbuzi," ikatoka sauti nyuma ya vikapu vya ndagala. "Na moja iko na mimba."

Alikuwa yeye, rafiki yangu. Hakujua herufi hata moja. "Herufi atafundishwa," akasema mwalimu.

Aliondoka na mashua ile ile. Ilipokwisha kusukumwa majini, akasimama, akaita kwa nguvu zake zote, "Sokwe!" Mkono wa bibi ulikuwa begani kwangu. Neno lilinijaa mdomoni, na ulimi haukunyanyuka. Mashua ikazunguka ncha ya matete.

Walipokuja Wabelgiji, Wadachi walirudi nyuma kuelekea Tabora pamoja na watu wao, na rafiki yangu, watu walisema, alikuwa mkalimani wao. Hakurudi. Mama yake aliendelea kuanika ndagala akitazama upande wa Usumbura. Jirani yetu mpaka anakufa alishikilia kwamba ulikuwa mutego. Bibi hakulitaja tena jambo lile, ila majivu yalibaki jikoni.

Nyua za matete zimekwisha, siku hizi ni matofali. Nimepata vingi, na sijuti kukosa ile shule. Lakini kitendawili kile cha mwisho sikukiitikia, kwa hiyo hakikutegwa, na hakuna mtu duniani wa kunitegea.

Juzi, mjukuu alipokwenda jikoni, nikasogea mlangoni. Nikaukwaruza kwa ukucha.

"Sokwe!" nikasema.

Mtoto akaendelea na namba zake.