Kumfuata Salim Al Nahda

Safari hii sikuipenda tangu mwanzo. Mdogo wangu Salim alikuwa akiosha magari ya mtumba Japani, katika mji usio mbali na ule mtambo wa nyuklia ulioharibika ukavuja mionzi. Alihamishwa pamoja na wenyeji, akapimwa, akaambiwa yu mzima. Lakini Mombasa maneno yalimtangulia: ana sumu mwilini, ataambukiza. Lisemwalo lipo, walisema, na kwao mchumba wake wakavunja posa. Akaishia Dubai, hataki kurudi. Mama akaniambia, "Nenda kaniletee mwanangu."

Asubuhi nilitua Dubai nikiwa hoi. Mtaa wa Al Nahda majengo yote yamefanana. Nikapanda lifti ya jengo silo, nikashuka na mizigo yangu, nikaanza upya. Mwisho nikafunguliwa mlango na Kamau, Mkenya wa bara, mlinzi kule Jumeirah Lake Towers, anayekaa chumba kimoja na Salim.

Adhuhuri ukapakuliwa wali. Mimi, Kamau na wenzake sinia moja. Salim kando dirishani, na sahani yake na kikombe kilichofungwa uzi. Damu ikanichemka.

"Mnamtenga ndugu yangu? Ana ukoma huyu?"

"Bro, si sisi," Kamau akasema. "Tumeongea naye mpaka khalas, tumechoka. Hiyo kikombe aliimark mwenyewe."

Nikaona haya. Nikamgeukia Salim. "Daktari alikwambiaje?"

"Ni mzima."

"Sasa?"

"Kaka, mji mzima ukisema una sumu, utabishana nao peke yako?"

Nikaichukua sahani yake, nikaimimina katikati ya sinia. Kamau akamega palepale, akala. "Yalla, njoo, wali unapoa."

Salim akaja. Alikula huku akilia, nami sikujizuia. Usiku ule akakubali turudi kwa Mama.

Siku ya kurudi tulipitia soko la Al Ras kununua zafarani ya Mama. Ndani ya ndege nilichoka hata kumtania. Nilikuwa nimejifunza kwamba madaktari wanaweza kuupima mwili wa mtu, lakini kumrudisha kwa watu ni kazi ya watu wenyewe, na ni kazi inayochosha.

Jioni Mombasa, majirani walijaa barazani kutoa pole. Hakuna aliyevuka kizingiti. Mama akatoka, akamshika Salim mkono mbele yao.

"Atakayempa pole mwanangu aje amshike mkono. Asiyeweza, aende nayo pole yake."

Bi Zuhura wa nyumba ya pili akavua viatu, akaingia. Wengine wakaondoka. Mama akafunga mlango.