Mistari Kumi na Miwili ya Dobi

Wivu wa Dobi haukujificha. Ulimtangulia mlangoni, ukaingia, ukakaa, kisha ndipo mwenyewe akafuata. Na kukubali asikubali! Umwambie, "Dobi, una wivu," akuulize, "Mimi? Nimwonee nani wivu, na kwa kipi alicho nacho?" Hapo hapo aanze kukutajia huyo mtu, na hicho alicho nacho, mpaka rangi yake na siku aliyokipata.

Miaka ishirini na sita alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, shuka na foronya, shuka na foronya, na alipostaafu jina la kazi likamfuata nyumbani. Starehe zake zilikuwa mbili: sindano za kufumia na birika la chai. Msimu wa baridi alifuma masweta na soksi. Joto likija sufu aliifungia kabatini, akashona vitambaa vya makochi kwa uzi wa pamba, maana kukaa na sufu mapajani wakati wa joto ni adhabu. Mvua zikianza alichukua nguo kuukuu, akazikata vipande vyembamba, akavisuka mazulia ya mlangoni. Kalenda nyumbani kwake ilikuwa pambo tu. Ukitaka kujua umefika mwezi gani, uliangalia alichopakata Dobi.

Chai ilikuwa saa kumi, iwe mvua iwe jua. Aliichemsha mwenyewe, akayaacha majani yaive mpaka yakubali, maziwa akayatia mwisho. Jumamosi aliinywa na wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupanga foleni. Walifuma, wakanywa, wakawasema watu waliokuwepo na wasiokuwepo.

Sheria ilikuwa moja tu, na Dobi ndiye aliyeiweka: mtu haigusi kazi ya mwenzake iliyo kwenye sindano. Haikuwa ushirikina. Kila mkono una mvuto wake. Yupo anayeukaza uzi, yupo anayeuachia, na ukijitia kufuma mistari miwili kwenye sweta la mwenzio, hapo patabaki na alama mpaka sweta lichakae. Wifi aliwahi kumalizia mstari mmoja tu wa soksi ya Dobi, tena kwa nia njema, akafokewa mbele ya wageni hadi chai ikampalia.

Basi, nyumba ya pili akahamia Mkunga. Alikuwa mkunga wa zahanati ya karibu, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye vidole vifupi vinene. Jumamosi ya kwanza alikuja na pakiti ya majani ya chai, akaketi, akasema, "Dada, nifundishe. Nikitoka kazini kichwa kinanguruma. Nataka kitu cha kunituliza."

Dobi alifurahi, hasa alipomwona mwenzake anashika sindano kama anayechokoa kokoto kwenye soli ya kiatu. Alimfundisha kwa moyo mweupe. Alimwonyesha kuanza, kumaliza, kupunguza vitanzi na kuongeza. Kila Mkunga alipokosea, Dobi alisema, "Usijali, mdogo wangu, si kila mtu ana kipaji," na chai siku hiyo ikawa tamu kuliko siku zote.

Jamani, ujinga ule haukudumu. Baridi ilipoingia, Mkunga alikuwa anafuma huku anaongea, mikono haiangalii, na kazi inatoka laini, imelegea kidogo, imelingana toka mwanzo hadi mwisho. Wifi akaichukua soksi yake, akaisugua shavuni. "Hee! Hii siyo soksi, huu ni mto wa kulalia. Dobi, mwanafunzi wako kakupita!"

Dobi alicheka. Meno yalicheka, roho ilikuwa inaungua. Jumamosi iliyofuata wifi alipewa kikombe chenye ufa, na Mkunga akawekewa kiti cha karibu na mlango, penye upepo. "Asante, dada," Mkunga akasema, akanyoosha miguu. "Hapa kuna hewa safi." Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Haya yote Dobi angeyameza, kama si habari ya binti yake. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, karani wa posta, na sasa binti alikuwa na mimba yake ya kwanza. Dobi alikuwa ameshanunua madonge sita ya sufu nyeupe kwa ajili ya shali la mtoto, akayasukuma chini ya kitanda, akangoja. Hakungoja mimba ikue. Alingoja aombwe. Yeye si mtu wa kujipendekeza, tena kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Binti aje aseme, "Mama, nifumie," basi, sindano zianze usiku huo huo. Mwezi wa sita ukapita. Wa saba ukaingia. Binti akaja, akala, akanywa chai, akalalamika miguu inavimba, akaenda zake.

Jumamosi moja Mkunga akafungua mfuko wake, akatoa kazi iliyoviringishwa kwenye taulo. Sufu nyeupe.

"La nani hilo?" Dobi akauliza.

"La mjukuu wako, dada. Binti yako alikuja zahanati kupimwa, akaniomba. Nilidhani unajua."

"Najua, najua sana," Dobi akasema, naye hakuwa anajua lolote. Alinyanyuka kwenda jikoni kuchukua sukari, na sukari ilikuwa mezani. Huko jikoni alisimama mbele ya sinki akibana midomo. Roho ilimuuma, tena ilimuuma vibaya. Wageni wote walipoondoka akampigia simu binti yake.

"Aa, mama, nilitaka upumzike," binti akasema. "Halafu mama mdogo ana mkono laini."

Mama mdogo! Dobi alizaliwa na kaka watatu, dada hakuwahi kuwa naye hata wa kuazima. Leo mtu amehama na magunia yake mawili, kafundishwa kushika sindano, tayari ni mama mdogo. Na akikaa vizuri si atakuwa mama kabisa? Usiku ule madonge sita chini ya kitanda yalimkosesha usingizi utadhani yameota miiba.

Wiki mbili baadaye, chai ikiwa ndiyo kwanza imemiminwa, simu ya Mkunga ikalia. Zahanati kuna mama amezidiwa na uchungu na mwenzake wa zamu hajafika. Mkunga aliinuka mbio, mfuko akauacha kwenye kiti. Wifi naye, alipoona umbea umekosa msikilizaji wa pili, akaaga. Dobi akabaki sebuleni na mfuko.

Kwanza alitaka kulifumua. Mimi sifichi kitu: vidole vilishafika kwenye uzi. Alilitoa kwenye taulo, akalitandaza magotini, akalitazama. Lilikuwa zuri. Lingekuwa baya angelihurumia, angelirudisha kwenye mfuko na kunywa chai yake kwa amani. Lakini lilikuwa zuri, limefika nusu, na pindo lake ni lile lile alilomfundisha yeye. Akawaza, mjukuu wangu atafunikwa na hili, na humu ndani hamna hata kitanzi kimoja cha bibi yake.

Akashika sindano. Akasema atafuma mstari mmoja tu, apitishe mkono wake, watu wasijue, yeye ajue inatosha. Mstari mmoja ukawa mitatu. Wa nne alimfikiria wifi na ile soksi shavuni. Wa saba alimfikiria "mama mdogo". Kufikia wa kumi alikuwa anaongea peke yake, "Laini! Mkono laini!" na kila neno anavuta uzi. Alipoinua kichwa chai ilikuwa imepoa na mistari ilikuwa kumi na miwili. Sheria yake mwenyewe, aliyomfokea nayo mtu mbele ya wageni! Akaliviringisha kwenye taulo kama lilivyokuwa, akalirudisha mfukoni, akanawa mikono.

Asubuhi Mkunga alipita kuchukua mfuko wake akiwa hajapata hata lepe la usingizi. Mama amejifungua salama, akasema, watoto wawili. Hakuwa mtu wa kuhesabu mistari. Tena alifuma kidogo kidogo jioni, sehemu iliyokwisha ikiwa ndani ya taulo isichafuke, anafunua pale juu tu anapofanyia kazi. Kwa hiyo wiki mbili zikapita na shali likakaribia mwisho, na Dobi akaanza kujipongeza kimoyomoyo.

Jumamosi hiyo binti naye alikuja, tumbo limemtangulia. Mkunga akasogeza vikombe, akafunua taulo, akalitandaza shali lote mezani kwa mara ya kwanza.

Wifi akainamisha kichwa upande mmoja.

"Mbona lina kiuno?" wifi akauliza.

Kweli lilikuwa na kiuno. Juu pana, chini pana, katikati limebanwa kama mtu aliyefunga mkanda. Mkunga alipapasa pale, akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti. Kumi na miwili. Alielewa, usidhani hakuelewa. Aliinamia kikombe chake, akasema, "Labda nilikuwa nimechoka."

Dobi alikasirika zaidi kwa kusitiriwa. Hata wema anamzidi!

Binti akaweka kiganja juu ya ule mkanda, akaingiza vidole viwili kwenye vitanzi, vikakataa kupita. "Hapana, mama mdogo," akasema taratibu. "Hii kazi naijua. Hii ni shingo ya sweta langu la darasa la tatu."

"Sweta gani?" Dobi akasema.

"La shule, mama. La bluu. Kila asubuhi nilikuwa nalia kulivaa. Masikio yalikuwa yananiuma mpaka mapumziko."

"Si ungesema!"

"Nilisema. Ukaniambia nina kichwa kikubwa." Binti alitaka kucheka, kicheko kikamgomea. "Mpaka leo, mama, nikipigwa picha nainamisha kichwa. Nilikua nikijua nina kichwa kikubwa. Juzi ndiyo nimejipima kofia dukani, muuzaji akaniambia ni saizi ya kawaida."

Dobi akalitazama tena lile shali. Darasa la tatu. Ule ndio mwaka aliofuma usiku na mchana, meno yameumana, kwa sababu mwenzake mmoja wa chumba cha kufulia, aliyeingia kazini nyuma yake, alikuwa amefanywa msimamizi. Hakuwahi kuufikiria mwaka ule na sweta lile mahali pamoja. Mtoto wake alikuwa amevaa hasira zile shingoni, siku za shule zote, na juu yake akasingiziwa kichwa.

"Ni mimi," akasema. "Mkunga, ni mimi niliyegusa. Siku ile ulipoitwa. Nilikuonea wivu. Haya, nimesema. Wifi, usinitazame hivyo, macho yatakutoka."

"Mimi sijasema kitu," wifi akasema, na kwa kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Nilingoja uniombe," Dobi akamwambia binti yake. "Nina madonge sita chini ya kitanda. Nilingoja, ukaenda kumwomba mwingine."

"Niliogopa, mama. Sikutaka mwanangu abanwe."

Hilo lilimwingia. Alivuta pua, akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha kochi, kile alichokuwa akiwakataza wengine hata kukiegemea. Kisha Mkunga akachomoa sindano, akautafuta mwisho wa uzi, akampa. "Vuta, dada. Nitafuma tena, siku zipo."

Dobi akavuta. Kazi ya Mkunga ilifumuka kwa ulaini, mstari baada ya mstari, wiki mbili za jioni zikilundikana mezani. Alipofika kwenye mistari yake, uzi ukagoma. Ikabidi achokoe kitanzi kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, wote watatu wakimwangalia, jasho likimtoka na baridi yote ile. Ulipoisha wa kumi na mbili aliurudisha ukingo kwenye sindano, akamsogezea Mkunga bila kumtazama.

Binti akamshika mkono. Vidole vilikuwa na michubuko myekundu ya uzi. "Shali afume yeye," akasema. "Hii mikono naitaka kwa mtoto. Umshike, umwogeshe, umlaze. Sindano weka chini kidogo, mama."

Dobi akaiangalia mikono yake. Halafu, kama kawaida yake, akainua kichwa. "Na huyu?" akauliza, kidevu kikimwelekea Mkunga. "Naye atamshika?"

"Mama! Huyu ndiye atakayemshika wa kwanza. Si ndiyo kazi yake?"

Wifi akapasuka kwa kicheko. Mkunga akajaribu kujizuia, mabega yakamsaliti. Dobi aliwatazama mmoja mmoja, macho bado yana maji.

"Basi wa pili ni mimi," akasema, akauvuta mkono wa binti yake mpaka kifuani. "Mmesikia? Wa pili ni mimi. Wifi, wewe nakujua, usije ukajipenyeza."