Mapigo ya Zawadi Niliyoyapunguza

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole. Kuongea mbele za watu siwezi kabisa.

Usiku wa kuamkia leo nilimwona ndotoni Zawadi, rafiki yangu tuliyecheza naye netiboli timu ya kata. Alifariki uwanjani, wakati wa mazoezi.

Alikuwa anakimbia zigizaga katikati ya ndala zetu, zile tunazopanga chini ili tujifunze kugeuka haraka. Hakugusa hata moja.

"We konokono, unanitazama tu? Kunja magoti," akaniambia, akacheka.

Nikamfuata. Nikimkaribia, anageuka, nikigeuka, yuko upande mwingine. Kocha anapuliza filimbi, tunakaa wawili wawili kama kawaida yetu. Kila mtu anamshika mwenzake kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo kwa robo dakika, mpaka kocha aseme basi. Anayezidi thelathini baada ya kupumzika hachezi siku hiyo.

Zawadi ananipa mkono. Ni wa baridi. Nahesabu arobaini, hamsini, sitini, yanakwenda mbio kuliko miguu yake, na kocha hasemi basi.

Siku ile ya kweli nilihesabu arobaini na moja. Zawadi alininong'oneza, "Shoga, sema ishirini na nane. Jumamosi ni fainali." Nikasema ishirini na nane. Akarudi kukimbia, akaanguka.

Sasa ndotoni hatuko uwanjani tena, tuko jikoni kwao. Mama yake anachambua mchele na hatuoni. Anasema peke yake, "Asubuhi ile nilimpa chai kavu, hata kipande cha muhogo sikumpa. Mwanangu aliishiwa nguvu kwa sababu yangu."

Zawadi hacheki tena. Ananiangalia mimi.

"Mwambie si chai," anasema.

Niliamka nikiwa nimejishika mkono wangu mwenyewe, kumekucha. Na ni kweli, mama yake humweleza habari ya chai ile kila anayekwenda kumpa pole. Mimi huinamisha kichwa, kisha naaga.

Leo nimefika mlangoni kwake mara mbili, nikarudi. Kesho nitaingia. Kama kuna mmoja wenu aliyewahi kupeleka neno zito hivi kwa mama wa mtu, tafadhali aniandikie alianza kwa kusema nini.