Siku Kabale Aliposhindwa Kushika Sikio

Waliokuwepo niwataje kwanza, msije mkasema naongeza chumvi: Kabale, binti yangu wa kwanza; Dahabo, dada ya mume wangu, aliyesema amekuja kunisindikiza (alikuja kuona nikishindwa); Nakiru, jirani yetu Mturkana, msusi; Mwalimu Mutwiri, mkubwa wa shule; na foleni ya akina mama wa mtaa wetu wa Wabera na watoto wao, ambao nikiwataja wote karatasi itaisha. Aibu niliyopata mbele yao nimeificha miaka mingi, lakini sasa mimi ni mzee, aibu itanifanya nini?

Baba Kabale alikuwa malishoni Biliqo na ng'ombe, akatuma neno: mtoto akipata shule mwaka huu, sawa, akikosa aletwe achunge mbuzi. Nami nilijua msichana akishaenda na mbuzi harudi mjini tena ila kwa kuolewa.

Shule nilichagua mwenyewe. Dahabo alitaka ile ya karibu na kwake, eti imepakwa rangi mpya. Mimi hata mbuzi sinunui kwa rangi. Nikachukua pakiti tupu ya majani chai, nikasimama njiani saa ya watoto kutoka, leo shule hii, kesho ile, nikiwaambia wanisomee. Mtoto wa shule ya rangi mpya alitazama picha, akasema, "Ni majani," akakimbia. Kwa Mwalimu Mutwiri, kasichana kadogo, hata meno ya mbele hakana, kakaninyang'anya pakiti, kakasema, "Mama, umeipindua," halafu kakaisoma yote mpaka yale maandishi ya chini, madogo kama mchwa. Nikasema basi, ni hapa. (Kwamba nilikuwa nimeipindua, Dahabo sikumwambia.)

Siku hizo mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa, umri ulipimwa kwa mkono: anaupitisha juu ya kichwa, akishika sikio la upande wa pili, ameiva, anaandikwa darasa la kwanza. Kabale alikuwa mdogo wa mwili, lakini nilimpima asubuhi na jioni, na ncha za vidole zilifika. Zilifika! Ningetulia hapo tu. Lakini siku moja kabla ya kuandikishwa, nikaona mtoto wangu hawezi kusimama mbele ya Dahabo na kichwa kama cha yatima, nikampeleka kwa Nakiru asukwe nywele za uzi, zile za kusimama kama vijiti.

"Niziunganishe juu, Mama Kabale?"

"Unganisha. Tena juu kabisa."

Ikawa kama kikapu. Na mimi aliponisuka, alimaliza upande mmoja tu, uzi ukaisha. Nikajifunga mtandio, nani ataona?

Kesho yake shuleni, foleni ikafika kwetu. Kabale akainua mkono, mkono ukapanda kikapu, ukakwama huko juu, sikio likabaki mbali kama Kipsing.

"Huyu bado," akasema Mwalimu Mutwiri. "Mlete mwaka ujao."

"Mwalimu, ni nywele hizi!"

"Mimi sipimi nywele, mama. Napima mkono."

"Wacha aende kwa mbuzi," Dahabo akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kufika barabarani. "Mbuzi hawana foleni."

Damu ikanipanda. Nikamwambia mwalimu angalia, kichwa bila kikapu mkono unapita hivi, nikaurusha wangu juu kwa nguvu zote. Sikio nilishika. Mtandio nao ukaenda na mkono, ukaanguka kwa vumbi, nikabaki mbele ya Wabera nzima, mke wa mtu, nusu ya kichwa vijiti, nusu imesimama kama kichaka cha miiba.

Nakiru akapiga kelele, "Uzi uliisha!" kana kwamba hiyo ndiyo itaniokoa, na foleni yote ikaangua kicheko, wengine wakashikana wasianguke. Mwalimu Mutwiri, mtu wa adabu, akageuza uso, akashika kalamu.

"Mama ameshika sikio," akasema. "Nimwandike ngumbaru, asome na watu wazima alasiri?"

Nikaokota mtandio wangu, nikajifunga. "Niandike," nikasema. "Lakini mtoto kwanza."

Tukamkalisha Kabale palepale chini, mimi na Nakiru tukikata uzi kwa meno, na Dahabo (lazima niseme ukweli) akapiga magoti akakata pia. Kabale akasimama, nywele zimetawanyika, machozi mpaka kidevuni, akainua mkono. Kidole kimoja kikafika. Kimoja tu. Mwalimu akakitazama, akainamia daftari.

"Jina la mtoto?"

Nami aliniandika kweli, nikaenda, na herufi hizi ndizo nilipata huko. Shule ya mtoto ichague kwa macho yako, usiogope kusimama njiani na pakiti, ila mashindano na wifi yaache nyumbani. Wajukuu wangu wote wamepelekwa kuandikishwa wamenyolewa, hata wakilia.

Kabale anasema hakulia. Dahabo anasema yeye ndiye alianza kukata uzi. Kama ulikuwa kwenye foleni ile na mahali nimekosea, niandikie barua. Nitaisoma mwenyewe, na sitaipindua.